Tamasha la pinboli za zamani: mwongozo kamili wa kwenda, kucheza na kuondoka umeshiba

Malalamiko ninayopokea kuhusu matamasha ya pinboli, ule mchezo wa mashine yenye meza iliyoinama ambapo unaurudisha mpira wa chuma juu kwa vibao usizame chini, ni yaleyale. Mtu kalipa kiingilio, kaingia Jumamosi mchana, kakuta ukumbi umefurika. Kasimama foleni kwenye mashine mpya inayosifiwa, mpira ukazama ndani ya sekunde ishirini, akahamia foleni nyingine. Jioni anatoka miguu inamuuma na masikio yanavuma, na ukimuuliza amecheza nini cha miaka ya 1960, hana hata jina moja la kukutajia. Halafu anakata shauri kwamba pinboli ni mchezo wa bahati.

Kilichomponza ni mpangilio wa siku. Mashine mpya anazozikimbilia zipo mwaka mzima kwenye baa na kumbi za michezo za miji mingi ya Marekani. Mashine ya kampuni ya Gottlieb ya mwaka 1962 ni nadra kuikuta nje ya sebule ya mkusanyaji, na kwenye tamasha mara nyingi imesimama peke yake, taa zinawaka, haina mtu. Kwa hiyo shauri langu kubwa ni hili: anza na za kale, tena mapema, wakati wenzako bado wako kwenye kifungua kinywa.

Nimewaza zaidi wasomaji walioko Marekani, hasa jirani na Dallas na Chicago, kwa kuwa matamasha mawili makubwa yako mlangoni kwao. Texas Pinball Festival hufanyika Frisco, kaskazini mwa Dallas, mwezi Machi. Pinball Expo hufanyika eneo la Chicago mwezi Oktoba, na imekuwepo tangu 1985. Aliye Pennsylvania ana Pinfest ya Allentown mwezi Mei; aliye California ana California Extreme, eneo la Santa Clara, majira ya joto. Hatua ni zilezile kokote uendako.

## Vitu vya kuandaa

- Tiketi inayojumuisha Ijumaa, au ya siku zote.
- Viatu vya soli laini. Utasimama saa nyingi juu ya sakafu ngumu.
- Vizibo vya masikio vya povu. Mashine mia kadhaa zikilia ndani ya ukumbi mmoja, kichwa kinachoka kabla ya miguu.
- Chupa ya maji yenye kifuniko cha kufunga.
- Kitambaa kidogo cha kufutia mikono.
- Taslimu, tena noti ndogondogo, kwa wauza vipuri na chakula. Kucheza hakuhitaji sarafu: kiingilio ndicho malipo, mashine zimefunguliwa zichezwe bure.
- Simu yenye chaji na chaja ya akiba, au daftari kama wewe ni mtu wa kalamu.
- Kwa mwenye nia ya kununua: tochi, spana ya inchi 5/8 na ya 9/16, mifuko midogo ya plastiki, mablanketi, mikanda ya kufungia mizigo, toroli, na gari lenye nafasi.

Acha nyumbani pete kubwa, bangili na mkanda wenye chuma kipana mbele. Mashine nyingi ni mali ya watu binafsi waliozipaka rangi kwa mkono, nawe utakuwa umezikumbatia siku nzima.

## Hatua ya 1: Chagua saa kabla ya kuchagua hoteli

Ijumaa alasiri na Jumapili asubuhi ndizo saa za kucheza. Jumamosi mchana ni ya kutazama, kula, kusikiliza mazungumzo na kununua vipuri. Wengi hufanya kinyume kwa sababu Jumamosi ndiyo siku yao ya mapumziko. Kama kazi haikuruhusu kabisa siku nyingine, fika Jumamosi mlango unapofunguliwa, au rudi usiku familia zikishaondoka. Baadhi ya matamasha huendelea hadi usiku mwingi, na saa nne usiku ukumbi ni mwingine kabisa.

Tahadhari. Ijumaa mapema baadhi ya mashine bado zinashushwa na kusawazishwa, kwa hiyo usikate tamaa ukikuta pengo. Jumapili ni kinyume chake: wenye mashine huanza kuzizima na kuzipakia kabla ya saa rasmi ya kufunga, kwa kuwa wana safari ndefu. Ukiacha mashine unayoitamani hadi Jumapili alasiri, utakuta alama nne za miguu kwenye zulia.

Utajua umefaulu ukiwa na angalau saa tatu za kucheza zisizogusa Jumamosi mchana.

## Hatua ya 2: Soma orodha ya mashine na uchague kumi na mbili

Waandaaji wengi hutoa orodha ya mashine zinazotarajiwa. Hazifiki zote, lakini inatosha kukupa dira. Usijaribu kucheza kila kitu. Chagua kumi na mbili, na nane kati ya hizo ziwe zimetengenezwa kabla ya 1980.

Ili uchague vizuri, zijue rika zake.

Za reli za mbao. Hizi ni hadi karibu mwaka 1960. Kingo zinazoshika kioo ni za mbao, na katika nyingi alama zako huonyeshwa na taa zinazowaka nyuma ya picha ya kioo cha nyuma. Ukibahatika kuikuta Humpty Dumpty ya Gottlieb, ya mwaka 1947, hiyo ndiyo inayostahili foleni. Ndiyo pinboli ya kwanza kuwa na flipa za umeme, vile vibao vya kurudishia mpira, nayo inazo sita, tatu kila upande, zikiwa mbali na mahali ulipozoea kuziona.

Za umeme na mitambo. Zinaendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakuna kompyuta ndani. Kuna relei (swichi zinazovutwa kwa sumaku ya umeme), mota na magurudumu ya namba yanayozunguka, na sauti ni ya kengele halisi inayogongwa. Hapa ndipo penye utamu, kwa maoni yangu. Tafuta za Gottlieb za mchezaji mmoja za miaka ya 1960, zenye kichwa, lile sanduku la wima la nyuma, kinachopungua upana kuelekea chini. Tafuta pia Fireball ya Bally, ya mwaka 1972, yenye sahani inayozunguka katikati ya uwanja, yaani ubao mpira unapobingirika, na flipa zinazosogea zikakutana hadi mpira usipate upenyo.

Za elektroniki za mwanzo. Kuanzia karibu 1977 namba zinawaka kidijitali na, muda si mrefu, sauti ikaanza kutoka kwenye spika. Gorgar ya Williams, ya mwaka 1979, ndiyo ya kwanza kuongea. Black Knight ya mwaka 1980 ina uwanja wa ghorofa mbili, na inakukejeli ukiwa umesimama pale. Xenon ya Bally, mwaka huohuo, inakujibu kwa sauti ya mwanamke.

Za miaka ya 1990. Ni nzuri mno, na ndiyo maana zina watu. The Addams Family ya mwaka 1992 ilitengenezwa zaidi ya nakala 20,000, kwa hiyo usiipangie foleni. Utaikuta kwingine. Medieval Madness ya 1997 ni adimu zaidi. Iweke kwenye orodha kama ya kumi na mbili, uicheze usiku.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa kila jina kwa nini umelichagua. "Nimeisikia" si sababu.

## Hatua ya 3: Zunguka ukumbi mara moja, mikono mfukoni

Tumia dakika kumi kutembea bila kucheza. Tafuta ziliko safu za zamani. Mara nyingi mkusanyaji mmoja huleta kadhaa akazipanga pamoja. Angalia zenye karatasi ya "mbovu". Tambua eneo la mashindano, ambalo huwa limezungushiwa kamba au utepe. Hizo hazichezwi ovyo hata kama hakuna mtu.

Kisha nenda moja kwa moja kwenye safu ya kale kuliko zote. Utasikia kelele na vigelegele upande wa mashine mpya. Viache.

## Hatua ya 4: Soma mashine kabla ya kugusa kitufe

Kwenye pembe za chini za uwanja, chini ya kioo, kuna kadi mbili ndogo. Moja inaeleza jinsi ya kupata alama, nyingine idadi ya mipira na alama zinazokupa mchezo wa ziada. Zisome. Mashine ya zamani haina skrini ya kukuelekeza, na mkakati mzima wa mchezo mara nyingi umeandikwa kwa mistari minne: washa namba 1 hadi 5, kisha piga shimo lenye taa nyekundu. Asiyesoma anarusha mpira huku na huko kama mtu anayefukuza kuku, na alama haziji.

Angalia pia mambo matatu. Kwanza, ukubwa wa flipa: za zamani ni fupi, zenye urefu wa takriban inchi mbili, na hazina nguvu ya zile za inchi tatu. Pili, pengo kati ya flipa mbili. Tatu, mifereji ya pembeni inayomeza mpira bila kupita kwenye flipa. Ukijua mfereji upi ni mpana, utajua upande wa kuusukumia mwili wa mashine.

Mteremko nao una kauli. Mashine za kisasa huwekwa kwenye nyuzi 6.5 hivi. Nyingi za zamani zilibuniwa kwa nyuzi karibu 3.5. Kwa hiyo mpira, ambao siku hizi ni chuma cha milimita 27 na gramu 80 hivi, unashuka polepole, unasitasita, unagusa kila nguzo. Wageni huona ni uvivu wa mashine. Huo ndio muda wako wa kufikiri, ambao mashine mpya hazikupi.

### Vizuizi vitatu vya kuanzia

Wasomaji wengi huondoka kwenye mashine nzima wakidhani ni mbovu. Kabla ya kuondoka, jaribu haya.

Ukibonyeza kitufe cha kuanza kwenye mashine ya umeme na mitambo, itanguruma na kugongagonga kwa sekunde kadhaa huku magurudumu yakirudi kwenye sifuri. Subiri. Ukibonyeza tena kwa papara kwenye mashine ya wachezaji wengi, umejiongezea mchezaji wa pili, na sasa itabidi umchezee yeye pia.

Mpira usipotokea kwenye njia ya kifyatuo, ile fimbo unayoivuta kuurusha mpira, tazama chini ya kifyatuo chenyewe. Kwenye mashine nyingi za hadi katikati ya miaka ya 1960 kuna fimbo ya pili. Isukume ndani, nayo itaupandisha mpira. Hakuna kitakachokufanyia kazi hiyo.

Na kama kitufe cha kuanza hukioni, kiangalie kwenye mlango wa sarafu, mbele, usawa wa paja. Kikikosekana hapo, muulize mwenye mashine. Baadhi huweka swichi ndogo ya kujiongezea michezo chini ya sanduku.

Utajua umefaulu ukiweza kutamka kwa sentensi moja unachokitafuta kabla mpira haujaondoka.

## Hatua ya 5: Shika mpira kwanza, piga baadaye

Hapa ndipo wengi wanapofelia, tena kwenye mashine zote, za kale na mpya. Wanapiga flipa zote mbili kwa pamoja, mfululizo, kila mpira unaposogea. Flipa zote mbili zikiwa juu, pengo la katikati limefunguka kwa upana wake wote. Unakuwa umeufungulia mpira mlango wewe mwenyewe.

Tumia mkono mmoja kwa wakati mmoja. Mpira ukija kulia, kidole cha kulia ndicho kinachofanya kazi. Cha kushoto kitulie. Jilazimishe hivi kwa mchezo mzima wa kwanza hata alama zikiwa duni.

Acha mpira udunde. Mpira ukishuka kuelekea flipa ya kulia, usifanye lolote. Mara nyingi utagonga raba ya flipa iliyolala, uruke, uvuke hadi flipa ya kushoto ukiwa umepungua kasi. Inahitaji moyo, kwa kuwa kidole kinawasha. Ukishaizoea, muda wako kwenye mpira mmoja unarefuka papo hapo.

Tuliza mpira. Mpira ukiteremka kwenye njia ya pembeni kuelekea flipa, inua flipa hiyo mapema na uishikilie juu. Mpira utaingia kwenye kona kati ya flipa na njia, ukasimama. Sasa vuta pumzi, tazama taa, chagua.

Piga kwa mahali. Ukiushusha mpira kutoka hapo, utabingirika juu ya flipa kutoka kwenye shina kwenda kwenye ncha. Ukiupiga karibu na ncha, unavuka uwanja kwenda upande wa pili. Ukiupiga karibu na shina, unapanda upande uleule wa flipa. Katikati kunakupa katikati. Kwenye flipa fupi za zamani pigo la shina ni dhaifu, basi usilitegemee kwa shabaha za mbali.

Sukuma mashine. Hili linawashangaza wengi: kusukuma kunaruhusiwa, na kwenye mashine za miaka ya 1960 ni nusu ya mchezo. Viganja viwe kwenye kingo, miguu imetanuka kidogo, na msukumo uwe mfupi, wakati mpira unagusa raba au nguzo. Ukisukuma mpira ukiwa katikati ya uwanja peke yake, hujabadilisha kitu. Ukisukuma unapogusa nguzo iliyo juu ya mfereji wa pembeni, unaweza kuurudisha ndani.

Tahadhari. Ndani ya sanduku kuna timazi linaloning'inia katikati ya pete ya chuma. Likigusa pete, umeme wa flipa unakatika na mpira umekwenda. Mashine za elektroniki za baadaye hukuonya mara moja au mbili. Za zamani hazionyi, na baadhi huua mchezo mzima, mipira yote iliyobaki. Kwa hiyo mpira wa kwanza kwenye mashine ngeni, sukuma kidogo kidogo ili ujue kamba yake ina urefu gani. Kamwe usiinue miguu ya mbele, na usipige kioo. Mwenye mashine akikuona, utaombwa uondoke, na atakuwa na haki.

Utajua umefaulu ukiutuliza mpira mara tatu ndani ya mchezo mmoja, na ukiweza kusema mpira wa mwisho ulizama kupitia wapi. Alama ziache kwanza. Kwenye mashine ya mwaka 1965, alama elfu mbili zinaweza kuwa kazi ya fundi, na kwenye ya mwaka 1995 milioni hamsini zinaweza kuwa aibu.

## Hatua ya 6: Adabu za ukumbini

Mchezo mmoja, kisha mpishe aliye nyuma yako. Kama hakuna mtu, endelea, lakini geuka uangalie kila unapomaliza. Usianzishe mchezo wa watu wanne ukiwa peke yako.

Kinywaji hakiwekwi juu ya kioo, hata chenye kifuniko. Usiegemee mashine ambayo mwenzako anaicheza, kwa sababu unaitikisa. Usimsemeshe mtu mpira ukiwa hai. Ngoja uzame, ndipo umsalimie. Watoto wanakaribishwa kwenye matamasha mengi, na wengi huwekewa ngazi ndogo za kusimamia. Simama karibu yao.

Mpira ukikwama, usiitikise mashine kwa hasira na usijaribu kufungua kioo. Mwite mwenye mashine au mtu wa kujitolea mwenye fulana ya tamasha. Waliozileta wengi wao ni wazee wenye subira na hadithi nyingi, na mpira uliokwama ni kisingizio kizuri cha kuonyeshwa tumbo la mashine likiwa wazi. Ukiombwa usogee karibu utazame, sogea. Kilomita ya nyaya zilizofungwa kwa uzi, relei zenye lebo, mota inayozungusha diski: ukishaviona, utaelewa kwa nini mashine ilikuwa inanguruma.

## Hatua ya 7: Jumamosi mchana, kaa chini

Saa za msongamano zitumie kwenye vyumba vya mazungumzo. Pinball Expo inajulikana kwa hili: wabunifu, wachoraji na mafundi wa viwanda vya Chicago hupanda jukwaani kueleza jinsi mashine fulani ilivyotengenezwa. Chicago ndiko kulikokuwa na Gottlieb, Bally na Williams, na hadi leo Stern ina kiwanda chake kwenye kitongoji cha Elk Grove Village. Kukiwa na ziara ya kiwanda, nafasi huisha mapema, basi jiandikishe unaponunua tiketi.

Vilevile pita kwa wauza vipuri. Hata kama huna mashine, seti ya raba na taa ndogo namba 47 zitakufundisha ni vitu vidogo kiasi gani vinavyoamua kama mashine iko hai au imezubaa.

## Hatua ya 8: Mashindano, ukitaka

Hapa sikushawishi sana. Mashindano yanakula saa nyingi, na mtu wa mara ya kwanza hupata faida zaidi kwa kucheza huru. Lakini kama damu inachemka, tafuta ya wanaoanza. Mengi yanatambuliwa na IFPA, shirika linalopanga viwango vya wachezaji duniani, na huhitaji kuwa na jina lolote ili uingie. Lipa ada, andika jina, ngoja kuitwa.

Kanuni mbili zinawaumiza wageni. Ukicheza mpira usio zamu yako, kwa kawaida umepoteza mchezo huo. Na ukitikisa mashine kwa nguvu hadi ikazima mchezo wa kila mtu, hutahurumiwa. Hivyo kabla ya kugusa kifyatuo, tazama namba ya mchezaji inayowaka, kisha itazame tena.

## Hatua ya 9: Ukitaka kuondoka na mashine

Mashine zinazouzwa huwa na karatasi juu ya kioo yenye bei na namba ya simu. Bei za Ijumaa ni ngumu. Jumapili mchana, muuzaji akiuona mzigo wa kupakia na barabara iliyo mbele yake, mazungumzo hulainika. Nzuri kweli, hata hivyo, huondoka Ijumaa. Usisubiri mashine unayoijua na kuitaka kwa ajili ya kupunguziwa kidogo.

Icheze mchezo mzima kwanza, kisha omba ifunguliwe, utoe tochi.

Anza na kioo cha nyuma. Simama kando, mulika: rangi inayobanduka kama magamba hairudi, na kioo mbadala si rahisi kupatikana. Kisha uwanja. Tafuta mahali rangi imeliwa hadi mbao, hasa mbele ya mashimo na kwenye njia za flipa. Pitisha kidole kwenye plastiki zenye taa, usikie kama zimezama au zimeinuka.

Kwenye mashine za elektroniki, dai kuona bodi ya saketi iliyo ndani ya kichwa. Bally nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 zina betri iliyolehemewa kwenye bodi, na ikivuja majimaji yake yanatafuna njia za shaba. Williams hutumia betri tatu za AA, nazo huvuja pia zikisahauliwa. Ukungu wa kijani au kijivu karibu na betri ni sababu ya kupunguza bei sana, au ya kuondoka. Angalia pia viunganishi vya nyaya: plastiki iliyobadilika rangi kuwa kahawia imeungua.

Kwenye za umeme na mitambo hakuna betri wala bodi. Hapo tazama kama kila gurudumu la namba linafika sifuri na kama kila kengele inalia. Tazama pia kama kuna mtu aliyepaka mafuta kila mahali. Mafuta hunasa vumbi na kugandisha sehemu zilizokusudiwa kukaa kavu. Mashine chafu isiyochokonolewa na mtu naipendelea kuliko iliyong'arishwa na fundi wa kubahatisha.

### Kuisafirisha

Mashine ina zaidi ya kilo 100. Msiwe chini ya wawili.

1. Toa mipira. Ikiachwa ndani itarukaruka njia nzima na kuvunja plastiki. Hii ndiyo hatua inayosahauliwa kuliko zote.
2. Piga picha za viunganishi vyote kati ya kichwa na sanduku kabla ya kugusa kimoja. Kwenye mashine za zamani kichwa hufunguliwa boliti na kuondolewa kabisa. Kwenye nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hulazwa juu ya sanduku kwa bawaba. Weka blanketi katikati na funga mkanda.
3. Isimamishe kwa mkia wake, upande wa kichwa, kwenye toroli iliyotandikwa blanketi, ndipo utoe miguu. Boliti za miguu nyingi ni za spana ya inchi 5/8, baadhi za zamani ni za 9/16. Ziweke kwenye mfuko wenye jina.
4. Funga kwa mikanda ndani ya gari. Kioo cha nyuma kikitoka kisafiri kikiwa wima, kamwe kisilazwe.

Wachache huniuliza kuhusu kuipeleka nyumbani, Mombasa au Dar es Salaam. Inawezekana, lakini mashine iliyonunuliwa Marekani imefungwa kwa volti 120, na ukiichomeka kwenye ukuta wa volti 230 au 240, fyuzi ndiyo itakayokuaga kama una bahati. Nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina transfoma ambayo nyaya zake zinaweza kuhamishwa ili ipokee volti za huko, kwa kuwa ziliuzwa Ulaya pia. Maelekezo yamo kwenye kitabu chake, na fundi umeme anayesoma michoro ataifanya. Kwa zile za umeme na mitambo, tumia transfoma ya nje ya kushusha volti, yenye uwezo mkubwa kuliko unaohitajika, kwa sababu umeme wa hezi 50 huichosha transfoma iliyoundwa kwa hezi 60.

Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, rudisha miguu, sawazisha kwa pimamaji kushoto na kulia, fungua uwanja, na uangalie kama kuna boliti au kipande cha chuma kilichoanguka juu ya nyaya safarini. Fyuzi zote ziwe za kiwango kilichoandikwa, si kubwa zaidi. Washa huku mkono mwingine ukiwa karibu na swichi, uangalie koili, zile sumaku za umeme zinazosukuma flipa na sehemu nyingine: moja ikibaki imevuta bila kuachia, au ukisikia harufu ya kuungua, zima papo hapo. Taa zikiwaka, relei zikagonga na namba zikarudi sifuri, sasa rudisha mpira ndani.